Kilo Tatu kwa Kila Gunia: Uchambuzi wa Kisa cha Dagaa Waliopungua Njiani

Kisa ninachokichambua hapa kilianza mwishoni mwa Oktoba na kumalizika katikati ya Aprili, kati ya mwalo wa Kibirizi mjini Kigoma na soko moja la Tabora. Majina sitayataja, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliokosea, na makosa yangu yamo kwenye daftari kwa mwandiko wangu.

Mwenye mali ni mama wa makamo, mkazi wa Ujiji, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua dagaa wabichi kwa wavuvi, kuwaanika, kuwajaza kwenye magunia ya kilo 40 na kuwasafirisha kwa lori hadi Tabora, kwa wifi yake anayewauza kwa jumla. Mimi ni jirani yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, na kazi yangu ni kumwandikia daftari: upande mmoja uzito unaotoka Kigoma, upande mwingine uzito ambao wifi anaupima na kuutaja kwa simu mzigo ukishafika. Kila safari ni magunia 20, yaani kilo 800.

Katika safari ya Oktoba, kilo 800 zilifika zikiwa 789, na hakuna aliyesema neno. Katikati ya Novemba zilifika 757. Mwanzoni mwa Desemba zilifika 741, yaani upungufu wa kilo 59, takriban kilo tatu kwa kila gunia. Usiku huo wifi alipiga simu na kusema maneno ambayo baadaye nilikuja kuyaona kuwa ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata: "Wifi yangu, hapo kuna mkono wa mtu."

Wiki ya mwisho ya Oktoba mwenye mali alikuwa amemwajiri kijana kutoka Kasulu wa kupakia, kushona magunia na kulala stoo. Hakuwa na ndugu mwaloni na hakuwa amewahi kufanya kazi ya ziwani. Alikuja na mkoba mmoja na barua ya mwenyekiti wa kijiji chao. Kabla ya kuja kwake upungufu ulikuwa kilo 11, na baada ya kuja kwake ukawa 43, kisha 59. Ukiziweka namba hizo tatu mbele ya mtu yeyote na kumuuliza kilichobadilika, kidole kitakwenda kwa kijana kabla mdomo haujafunguka.

Jumapili ya pili ya Desemba tulikaa chini ya mwembe wa mwenye mali: yeye mwenyewe, kaka yake, mtunza stoo na mimi. Kijana hakuitwa. Wahenga wanasema asiyekuwapo na lake halipo, na jioni ile lake halikuwapo kweli. Tulikuwa na mambo manne mkononi. La kwanza ni hizo namba. La pili, alikuwa amenunua simu janja mpya. La tatu, mtunza stoo alimwona jioni moja akitoka na kifurushi cha dagaa. La nne, mwenye mali alipomuuliza asubuhi ile kama anajua chochote, aliinamisha macho na kujibu kwa sauti ya chini, "Sijui kitu mama."

Ni vyema niseme mapema kwamba shaka yetu haikuwa ya kipuuzi. Wizi upo, mwaloni na stoo na barabarani, na mfanyabiashara asiyewaza wizi hadumu katika biashara. Ninachokichambua ni jinsi shaka ya halali ilivyogeuka kuwa hukumu bila kupita mahali popote pa kupimwa.

Chukua jambo la nne. Mimi nimefundisha watoto kwa zaidi ya miaka 30, na ninajua vizuri kwamba kijana wa huku aliyelelewa vyema hamkazii macho mtu mzima anayemhoji, huinama. Kama mwanangu angemtazama mama yule usoni na kujibu kwa sauti kubwa, ningemkemea. Hata hivyo, jioni ile kuinama kwake nilikuona kuwa ni hatia. Kifurushi nacho kilikuwa hivyo hivyo: kila apakiaye dagaa Kibirizi huondoka na mboga ya jioni, akipewa na mwenye mali au na wavuvi, na mtunza stoo mwenyewe hula dagaa ambao hajawahi kuwalipia. Wala kifurushi cha mboga si kilo 59. Hakuna aliyepiga hesabu hiyo, hata mimi niliyekaa pale kwa ajili ya hesabu.

Lakini lililonishtua zaidi nilipolirudia baadaye ni suala la nyuzi. Mwenye mali hushonea magunia yake uzi wa buluu ili yasichanganywe na ya wengine, na wifi alikuwa amesema kwamba magunia yote 20 yalifika nyuzi zikiwa salama, na upungufu ukiwa karibu sawa kwa kila gunia. Kaka mtu aliuliza swali zuri: mwizi gani anafumua magunia 20, anatoa kilo tatu tatu, kisha anayashona upya? Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka vizuri kwa sababu nilijivunia: "Huo ndio ujanja wenyewe. Angetoa yote katika gunia moja angekamatwa. Na sindano anayo yeye." Wote walitikisa vichwa kukubali. Nyuzi zingekuwa zimekatwa, tungesema ameiba. Zilikuwa nzima, tukasema ameiba kwa akili. Hapakuwa na hali yoyote ya nyuzi ambayo ingemwokoa yule kijana.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1960 Peter Wason, Mwingereza aliyekuwa London, aliwapa watu namba tatu, 2, 4 na 6, akawaambia kwamba zinafuata kanuni fulani, na kwamba wanaweza kuitafuta kwa kumtajia namba nyingine tatu tatu, naye atawaambia kama zinaifuata kanuni hiyo au la. Wengi waliwaza kwamba ni namba za kuongeza mbili, wakajaribu 8, 10, 12, wakaambiwa ndiyo. Wakajaribu 20, 22, 24, wakaambiwa ndiyo. Wakatangaza kwamba wameipata. Kanuni ilikuwa rahisi kuliko hiyo: namba zozote zinazopanda. Ili kuigundua ilibidi mtu ajaribu namba ambazo, kwa dhana yake, zingepaswa kukataliwa, kwa mfano 1, 5, 90. Kati ya watu 29, ni 6 tu walioipata bila kutangaza kwanza jibu lisilo sahihi. Mkutano wetu wa chini ya mwembe ulikuwa wa 8, 10, 12 mwanzo hadi mwisho. Maswali yote tuliyouliza yalikuwa na "ndiyo" ndani yake: ana simu mpya? Alionekana na kifurushi? Ana sindano? Hatukuuliza hata moja ambalo jibu lake lingeweza kutuambia kwamba tumepotea.

Na swali hilo lilikuwepo, tena jibu lake lilikuwa nyumbani kwangu ndani ya sanduku la bati. Nitalirudia.

Kabla ya hapo inafaa kuyatazama yale maneno ya wifi. Amos Tversky na Daniel Kahneman, katika makala yao ya 1974, waliandika kuhusu jaribio ambalo watu walizungushiwa gurudumu la namba mbele ya macho yao, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Gurudumu liliposimama kwenye 10, makisio ya kati yalikuwa asilimia 25. Liliposimama kwenye 65, yakawa 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Umoja wa Mataifa, lakini namba yake ilikwisha kutia nanga, na fikra za watu zikawa zinaelea kuizunguka kama mtumbwi uliofungwa, ukienda huku na huku kwa urefu wa kamba tu. "Mkono wa mtu" ndiyo iliyokuwa nanga yetu. Haikuwa namba, lakini ilifanya kazi ile ile: tangu dakika ile tulibishana ni mkono wa nani, na hatukubishana kama kuna mkono. Mwenzao mwingine katika fani hiyo, Lee Ross, mwaka 1977 aliupa jina mwelekeo wa binadamu wa kueleza matukio kwa tabia ya mtu na kuzisahau hali zinazomzunguka. Na palipo na mgeni asiye na wa kumtetea, mwelekeo huo hauna kizuizi.

Kijana aliondolewa Jumatatu asubuhi. Nilimpelekea mimi ujira wake, pungufu ya wiki mbili zilizozuiliwa kama fidia. Alizihesabu fedha, akasema, "Asante Mwalimu," akachukua mkoba wake. Kwenye daftari niliandika: "Upungufu, kilo 59. Chanzo: kijana. Ameondolewa."

Safari iliyofuata ilikuwa mwanzoni mwa Februari, na upungufu ulikuwa kilo 21. Mwenye mali alifurahi, wifi alifurahi, nami nikaambiwa kwamba ushauri wangu umezaa matunda. Kama kisa hiki kingeishia hapo, na visa vingi huishia hapo, tungezeeka wote tukiamini kwamba tulimkamata mwizi.

Kahneman alisimulia jambo linalofanana na hili kutoka kwa walimu wa marubani wa jeshi la anga la Israeli. Walimu hao walishikilia kwamba sifa huharibu na makaripio hujenga, kwa kuwa rubani aliyesifiwa kwa kurusha ndege vizuri mno kwa kawaida hufanya vibaya zaidi mara inayofuata, na aliyekaripiwa kwa kuvurunda hufanya afadhali. Waliyoyaona yalikuwa ya kweli, ila maelezo yao hayakuwa ya kweli: jambo lililopita kiasi, kwa uzuri au kwa ubaya, kwa kawaida hufuatwa na la wastani zaidi, mtu akemewe au asikemewe. Sisi tulichukua hatua wakati upungufu ulipokuwa mkubwa kuliko wakati wowote tuliowahi kuuona, na ilielekea kwamba ungeshuka kidogo hata kama tungemfukuza paka wa stoo. Tena Februari hiyo kulikuwa na sababu nyingine iliyokuwa juu ya vichwa vyetu, nayo ni jua.

Mwishoni mwa Machi kilo 800 zilifika 739. Upungufu wa kilo 61, mkubwa kuliko wote, na kijana alikuwa ameondoka zaidi ya miezi mitatu iliyopita. Hapo ndipo mtu angetegemea tuseme, "Kumbe tulikosea." Nilichokisikia, tena kutoka kwa watu wazima wenye akili zao, ni kwamba kijana ameacha wenzake mwaloni. Mtunza stoo alisema pengine alichongesha ufunguo. Dhana yetu ilikuwa imehimili nyuzi nzima, na sasa ilihimili hata kutokuwepo kwa mtuhumiwa.

Aliyetutoa humo ni mama mmoja mwanikaji, ambaye siku hiyo alikuwa anageuza dagaa kwenye kichanja huku sisi tukizungumza jirani. Hakuwa anatusikiliza kwa makini, nadhani, na ndiyo maana hakuikuta nanga yetu. Aliuliza tu: "Mnapima siku ngapi kabla ya kusafirisha?" Nikamwambia, siku tunayojaza. "Na Tabora wanapima lini?" Baada ya wiki hivi, kwa kuwa magunia hungoja lori stoo, kisha hungoja tena huko. Akacheka. "Mwalimu, dagaa wa mvua ni maji. Mmepima maji."

Mtu asiyeijua kazi hii anahitaji maelezo kidogo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwanga wa taa huwavuta vizuri giza linapokuwa zito. Mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi hupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo mali haiji mwaloni kila siku kwa kipimo sawa. Baada ya mbalamwezi mitumbwi hurudi na mzigo, wanunuzi hugombania, na kila mmoja anataka kuanika, kujaza na kuondoa haraka ili apate nafasi ya kununua tena. Samaki mbichi ana maji takriban robo tatu ya uzito wake. Wakati wa kiangazi jua la Kigoma humaliza kazi kwa siku moja au mbili, lakini mvua, ambazo kwetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, humfanya mwanikaji kuwakusanya na kuwatandaza dagaa mara tatu kwa siku. Na mwenye haraka hujaza gunia wakati dagaa wamekauka nje lakini ndani bado. Magunia haya ya salfeti yanapumua. Gunia la kilo 40 ambalo robo yake ni maji lina kilo 30 za dagaa kamili na kilo 10 za maji. Maji hayo yakishuka hadi kuwa sehemu moja ya tano tu ya uzito wote, gunia linakuwa na kilo 37 na nusu. Kilo mbili na nusu zimeondoka kupitia nyuzi za buluu ambazo hazikuguswa na mtu, na zimeondoka kwa kiasi kinachokaribiana katika kila gunia, kwa sababu magunia yote yalijazwa siku moja kutoka kwenye mchanga mmoja. Mchanga nao una sehemu yake, kwani dagaa walioanikwa chini hubeba chembe ambazo hudondoka mzigo unapotikiswa barabarani.

Tulifanya jaribio, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Gunia moja la kilo 40 lilifungiwa chumbani kwa mwenye mali, ufunguo akautia kwenye pindo la kanga yake, na baada ya siku sita tukalipima mbele ya mashahidi: kilo 37 na gramu 600. Gunia la pili lilijazwa dagaa walioongezewa siku moja na nusu kwenye kichanja, likapoteza gramu 700 tu. Tulipomwomba wifi apime kwa mzani wake mfuko mmoja tuliokwisha kuupima huku, tukakuta mzani wake unasoma chini kwa karibu nusu kilo, na kilo tatu zetu zikawa zimepatikana zote.

Usiku ule nilifungua sanduku la bati. Daftari la mwaka uliotangulia lilikuwemo, na humo uzito wa Kigoma uko ukurasa wa kushoto na wa Tabora ukurasa wa kulia, lakini sikuwa nimewahi kutoa mmoja kwenye mwingine, kwa kuwa mwaka ule bei ilikuwa nzuri na hakuna aliyelalamika. Nilitoa. Agosti, kilo 10. Novemba, kilo 40. Desemba, kilo 55. Kijana yule wakati huo alikuwa Kasulu, na hatukuwa tumewahi kumsikia. Swali ambalo lingemwokoa lilikuwa hili tu: kabla yake, katika miezi kama hii, ilikuwaje? Lilihitaji dakika tano na mwanga wa taa.

Kilichonisumbua kuliko aibu ni kwamba hatukukosa maarifa. Kila mtoto wa Kibirizi anajua kwamba dagaa wa mvua hupungua uzito. Mwenye mali anajua, mtunza stoo anajua, mimi mwenyewe nimewahi kuwapa wanafunzi hesabu ya asilimia kwa mfano wa dagaa wanaokauka. Maarifa hayo yalikuwa kichwani mwa kila aliyeketi chini ya mwembe, ila hayakuitwa, kwa sababu swali lililokuwa mezani lilikuwa "nani", na maji si "nani". Nadhani hapa ndipo mafundisho mengi kuhusu miegemeo ya fikra yanapokosea: humchukulia anayekosea kuwa mtu asiyejua, kisha humwongezea maarifa. Sisi tulihitaji mtu ambaye hakusikia swali letu.

Baada ya jaribio kila mmoja alisema kwamba alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Kaka mtu alisema hivyo, na mtunza stoo aliapa. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff alionyesha kwamba watu wakishaambiwa matokeo ya tukio huyaona kuwa yalitarajiwa zaidi kuliko wanavyoyaona wale ambao hawajaambiwa. Mimi pia nilikwisha kuanza kujikumbuka kama mtu aliyesitasita, na ningefaulu, lakini niliuona ule mstari: "Chanzo: kijana. Ameondolewa." Hauna alama ya kuuliza popote.

Mwenye mali alinituma kumtafuta. Nilimpata kwenye gati dogo akipakua vifurushi vya mitumbwi. Aliniamkia kama kawaida, "Shikamoo Mwalimu," nikamkabidhi ujira wake wa wiki mbili na maneno niliyotumwa. Alisikiliza akiwa ameinama, vile vile. Kwa kuwa sasa nilijifanya mtu wa kuuliza maswali, nilimuuliza kuhusu ile simu. Akaitoa mfukoni. Ilikuwa ya mkopo, ya kulipa kidogo kidogo kila siku, na alikuwa ameianza Novemba kwa ujira wa kwanza. Usipolipa inajifunga. Ilijifunga wiki ya tatu ya Desemba, na tangu wakati ule kioo chake kilikuwa kikionyesha maandishi yale yale ya kudai, naye aliendelea kutembea nayo.